Mwizi Wetu wa Ukoo wa Mvua

Nilipokuwa msichana kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye ruhusa ya kutuibia. Aliingia nyumbani kwetu, kambini kwa wafanyakazi wa shaba pale Lubumbashi, bila kubisha hodi. Alifunua sufuria, akanusa, akatangaza kwamba mboga za watu wa Udongo zinanuka matope, kisha akaondoka na bakuli la sombe, yaani kisamvu, au kipande cha sabuni, au chochote kilichompendeza siku hiyo. Mama alimfuata mpaka barabarani akimtukana kwa sauti ya kuamsha mtaa. Majirani wageni, waliotoka Kasai au Maniema, mwanzoni walidhani ni ugomvi wa kweli na walitoka mbio kuamulia. Walipowakuta wanawake wawili wameshikana mabega na kucheka mpaka machozi, walirudi ndani wakitikisa vichwa.

Alikuwa mnungwe wetu. Wa pwani wangesema mtani. Kwetu mtu huurithi ukoo kwa mama yake, kwa hiyo mimi ni wa Udongo kama mama yangu, na nitakufa wa Udongo. Yeye alikuwa wa Mvua. Mvua na Udongo ni banungwe tangu zamani isiyokumbukwa na mtu, na mnungwe ana haki ambazo hata ndugu wa tumbo moja hana. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuchukua kitu chako mkononi mwako ukimtazama. Wewe nawe una wajibu mmoja, nao ni kumjibu, na ujibu vizuri. Ukikasirika, umeuaibisha ukoo wako.

Na mtu wa Udongo akifa, wa Mvua ndio wanaochimba kaburi. Ndio wanaokuja kwenye kilio wakiwa wamevaa nguo za marehemu nje ndani, wakiigiza mwendo wake na kikohozi chake, mpaka wafiwa walioshindwa kumeza hata tonge moja la bukari, ugali wetu, wanacheka na kula. Akifa wa Mvua, zamu ni yetu. Nimeona watu waliosoma sana wakiikunjia pua desturi hii, wakisema ni mambo ya kijijini yaliyoletwa mjini. Mimi najivunia. Bila hiyo nisingekuwa hapa naandika.

Miaka ninayoizungumzia ni ile ya chama kimoja, shaba ikiwa ya serikali. Baba alifanya kazi kwenye furu, yaani pale wanapoyeyusha shaba, na moshi wa bomba kubwa la kiwandani tuliujua kwa koo kabla ya kuuona kwa macho. Kampuni ilitupa nyumba ya matofali, hospitali, shule, na mposho wa unga kila mwezi. Tulijiona watu wakubwa. Mtoto wa kambini alitembea kifua mbele hata akiwa peku, nami nilikuwa mmoja wao.

Tena nilikuwa na sababu yangu ya ziada. Katika safu yetu ya nyumba nilikuwa msichana wa kwanza kufika mwaka wa mwisho wa sekondari. Wenzangu walikuwa wameshaolewa, au wanajifunza kushona na kupika kwenye kituo cha akina mama. Baba, mtu asiyesema sana, alikuwa akisema kwenye foleni ya mposho. Aliwaambia watu wasiomuuliza kwamba binti yake atapata diploma, na kwamba siku moja atakaa ofisini akiandika kwa mashine. Watu walimwita kwa jina langu, baba wa fulani, na aliitika kwa furaha.

Nchini kwetu anayefaulu mtihani wa serikali humwagiwa poda. Majina yalisomwa redioni, shule kwa shule, na jina lako likitajwa tu, mama, shangazi, jirani, yeyote aliye karibu, anakunyunyizia poda nyeupe kichwani, usoni, shingoni, na wewe unatembea mtaani hivyo hivyo ukiwa mweupe, bila kujifuta, ili dunia nzima ijue. Mama alinunua kopo la poda miezi kadhaa kabla. Aliliweka juu ya kabati, mahali ambapo kila aliyeingia aliliona. Baba naye alinunua kitenge cha buluu chenye ndege weupe, nikivae siku ya poda. Hapo ndipo walipokosea, maskini, na nadhani ni kosa la wazazi wote wa kambini kwetu: waliitandika sherehe kabla ya mtihani.

Jina langu halikusomwa.

Mara ya kwanza tulivumilia. Baba alisema hata shaba haitoki safi siku ya kwanza, na mama aliliacha kopo palepale. Nilirudia mwaka. Nilisoma mpaka macho yakawasha. Redio ikawekwa tena dirishani ili safu nzima isikie, na majirani wakakaa juu ya viti vyao nje, na msomaji akafika shule yetu, akataja jina moja tu, akaenda shule nyingine. Mwanzoni hakuna aliyesimama. Jina lililosomwa lilikuwa la msichana wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye nilikuwa nikimsaidia hesabu. Nilikwenda kumpigia makofi. Nilimnyunyizia poda kwa mkono wangu, nikaimba na wenzangu, kisha nikarudi nyumbani. Nilikuta kopo letu halipo tena juu ya kabati.

Mama alikuwa amelificha kwa huruma. Mimi nikaelewa vingine.

Baba hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliacha tu kusema kwenye foleni ya mposho, na alipoitwa baba wa fulani aliitika taratibu. Nami nikaanza kujipima. Niliona nyumba ya watu wanaofanya kazi, na katikati mtu mmoja mzima anayekula unga wa kampuni bila faida. Nilipokaa kula niliona aibu ya mkono wangu kwenda kwenye sahani. Nikitazamwa, nilijua ninachekwa. Nisipotazamwa, nilijua wamenichoka. Kila nilichosikia nilikigeuza kiwe hukumu yangu, na hakuna hakimu mkali kama binti wa miaka ishirini aliyejichukia.

Kisha likaja wazo la kufa. Nasema wazi, kwa sababu lilikuwa na nguvu wakati nilipokuwa nalificha. Halikuja kwa kishindo. Lilianza kwa kuniambia kwamba nyumba ingepumua vizuri zaidi bila mimi, na likawa linarudi asubuhi nikifagia, mchana nikiosha vyombo, mpaka nikalizoea, na nilipolizoea likaanza kunipa nafuu ya uongo. Niliamini nawatendea mema wazazi wangu. Nikampa mdogo wangu viatu vyangu vya shule. Nikampa binti wa jirani shanga zangu. Watu walisema nimekua, nimekuwa na moyo mwema. Mama alifurahi kuniona mtulivu.

Aliyegundua ni mwizi.

Alikuja asubuhi moja ya kiangazi, mama akiwa sokoni, baba kazini na mdogo wangu shuleni. Nilikuwa nimeketi kitandani. Aliingia na kelele zake, akasema ameona kuku wana njaa uani akajua tu kwamba bado nimelala mimi mvivu, mtu wa matope, ambaye hata jua likimwanika hakauki. Akafungua sanduku langu bila kuuliza. Akatoa kile kitenge cha ndege weupe, ambacho hakijavaliwa, akajifunga kiunoni, akazunguka nacho chumbani akisubiri nimrukie.

Nikamwambia achukue tu. Nikamwambia kuna na kingine chini yake, achukue vyote viwili, mimi sina haja navyo tena.

Alisimama. Nimeishi miaka mingi tangu hapo na bado naiona sura yake ilivyobadilika. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mwanya. Alijivua kitenge polepole, akakikunja, akaja kuketi karibu nami mpaka bega lake likagusa langu.

"Juu ya nini leo haunitukane?" aliniuliza.

Aliniuliza kama naumwa, nikasema hapana. Akauliza kama kuna mwanamume, nikasema hapana. Akaangalia miguu yangu peku, kisha akaangalia pembeni pa mlango, pale viatu vyangu vya shule vilipokuwa vikikaa siku zote. Nadhani hapo ndipo alipojumlisha. Hakuzunguka wala kutafuta maneno laini.

"Uniambie kweli. Unawaza kujiua?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilidhani swali kama hilo likitamkwa ukuta utaanguka, na ukuta haukuanguka. Niliitikia kwa kichwa. Halafu nikaanza kulia, kilio cha ajabu, kisicho na sauti mwanzoni, na yeye akanishika mkono akaacha nilie. Aliponiona napumua tena ndipo aliposema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Siye ba Mvua njo tunazikaka bantu ba Udongo. Ni kazi yetu. Nyanya yako nilimuzika miye, nikavaa viatu yake, nikaigiza vile alikuwa anakohoaka, bantu bakacheka. Ile kilio ilikuwa muzuri, alikuwa alishiba maisha. Lakini yako ntaicheka namna gani? Ntaigiza nini? Haujafanya hata kintu kimoja ya kuchekesha. Kazi ile siitaki. Unanisikia? Ninakatala."

Sijui kama mtu asiye na mnungwe anaweza kuelewa. Mtu mwingine angeniambia maisha ni matamu, nami nisingemwamini. Huyu aliniambia kwamba kaburi langu lina mwenyewe, ndiye yeye, na hataki kulichimba. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilijiona nina uzito mikononi mwa mtu.

Akaniambia pia, kwa ufupi na bila kujionea huruma, kwamba yeye mwenyewe aliwahi kufika hapo. Ilikuwa Kambove, ujanani, mume alipomrudisha kwao kwa sababu hakupata mtoto. Alisema dada yake alilala naye mkeka mmoja mpaka wazo lile likachoka. Nilimtazama upya. Mwanamke huyu mwenye kelele, mwizi wa sabuni, alikuwa amepita palepale nilipokuwa.

Nilimwomba asimwambie mtu. Alikataa katakata. Alisema siri ya namna hiyo yeye haitunzi, nimchukie nikitaka. Alikaa nami hadi mama aliporudi sokoni, akamwambia mbele yangu, kwa maneno yaleyale wazi. Mama aliacha kikapu kikaanguka, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama anavyomshika mtoto anayemtafuta chawa, akakitazama, akakitazama tena. Kisha wakakaa wote wawili, wakamsubiri baba.

Baba alirudi na viatu vyake vizito vya kazini na hakuvivua. Aliketi kwenye kiti chake, akasikiliza mpaka mwisho. Mikono yake, ile iliyojaa makovu ya cheche, alikuwa ameiweka magotini. Nilitarajia hasira. Nilitarajia aseme nimemwaibisha mara ya tatu.

"Ile diplome nilikuwa naitaka juu yako," alisema. "Kama ni yenyewe inakuua, siitaki tena. Weye njo ninakutaka."

Alikuwa hajawahi kuniambia hata hayo. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote nilizokwisha kuishi.

Wasomaji wasidhani kwamba nilipona papo hapo. Wazo halikuondoka kwa sababu limeambiwa liondoke. Ila sasa lilikuwa na walinzi. Mama alihamishia mkeka wake chumbani kwetu sisi wasichana, akasema ni kwa sababu ya joto, na hakuna aliyembishia. Baba alinipeleka hospitali ya kampuni, akaingia nami hadi ndani. Muuguzi wa pale, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, kwanza aliniita raia, kama walivyokuwa wakiitana watu wa ofisi miaka ile, na baadaye aliniita mwanawe. Aliniuliza nalalaje, nakulaje, wazo linakuja lini. Alimweleza baba kwamba huu ni ugonjwa wenye dawa kama mingine, wala si moyo mbaya wala mkono wa mtu, na kwamba nisiachwe peke yangu kwa sasa. Akaniambia nirudi kila wiki, hata nikijiona mzima. Nilirudi. Wakati mwingine tuliongea tu habari za mvua na bei ya samaki, nami nilitoka nimepungukiwa mzigo.

Na mwizi alinichukua mimi mwenyewe. Kila asubuhi alikuja kunidai kwa mama kama alivyokuwa akidai sufuria, akaniburuta kwake, barabara ya nyuma, ambako alikuwa akipika munkoyo wa kuwauzia wafanyakazi wanaotoka zamu. Wasioujua munkoyo wanapata hasara. Unapika uji mzito wa mahindi, unauacha upoe mpaka uweze kuchovya kidole bila kuruka. Unaponda mizizi ya munkoyo, ambayo yeye aliletewa na wenye baiskeli kutoka porini upande wa Kipushi, unaitia ndani, na uji ule mzito unalegea wenyewe mbele ya macho yako mpaka unakuwa wa kunywa. Kesho yake una utamu wenye uchachu kidogo, na mtu aliyetoka kwenye furu akiunywa hafungui mdomo kusema mpaka kikombe kimekwisha.

Siku ya kwanza aliyoniachia chungu peke yangu, nilikiharibu. Nilikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba nafaa. Nikatia mizizi uji ukiwa bado unatoa moshi, nikakoroga, nikangoja, na uji ukabaki mzito vilevile. Nikakoroga zaidi. Jasho likanitoka, kisha ubaridi. Nilijua kabisa lile wazo linaingia mlangoni. Nilikaa chini nikasema kwamba hata munkoyo umenikataa, kwamba kila ninachogusa kinaanguka.

Yeye alichovya kidole akakiondoa haraka, akakinyonya, akacheka kwa sauti.

"Mizizi imeungua. Haiko kichwa yako, iko moto. Ungengojea ipoe."

Akaenda kwenye barabara akawaita watoto wote wa safu, akatangaza kwamba leo Udongo inagawa uji. Walikuja na vikombe, na vifuniko, na mmoja na kofia ya baba yake ya kazini. Chungu kikaisha. Nilirudia kesho yake, nikangoja mpaka kidole changu kilipotulia ndani ya uji, nikatia mizizi, na uji ukalegea. Niliuangalia ukilegea nikahisi kitu ambacho nilikuwa nimekisahau jina. Nilijivunia. Lilikuwa jambo dogo sana, la chungu kimoja, lakini lilikuwa langu.

Tuliendelea hivyo. Kulikuwa na siku nzuri na siku ambazo nilikwenda kwake nikilia njia nzima. Hakuacha kunitukana hata siku moja. Alinitukana nikicheka, alinitukana nikilia, na kila baada ya tusi aliniangalia kwa pembeni. Nilijua anangoja nimjibu. Sikuwa na cha kumpa. Matusi ya banungwe yanataka mtu anayejipenda kidogo, la sivyo hayatoki.

Mwezi wa kumi joto lilikuwa kali mwaka ule. Jakaranda za mjini zilikuwa zimeshachanua na kumwaga maua, na mvua haikuja. Vumbi la kambini liliingia mpaka kwenye chumvi. Alasiri moja tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha nyumba yake tukiponda mizizi, mama akiwa nasi, na mwizi akaanza kujisifu kama kawaida. Alisema watu wa Udongo tujiangalie sasa. Bila Mvua tumekuwa vumbi tu, tunapeperuka, tunaingia kwenye pua za watu, hatuwezi hata kusimama kuwa chungu. Alisema tuje kumpigia magoti na labda atatuonea huruma.

Sijui lilitoka wapi. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Na bila siye Udongo mungeangukia wapi? Mungebakia kule yulu ku mawingu, sawa bantu ba kufukuzwa mu nyumba. Na mwaka huu munachelewa. Munaona haya ya nini, muliiba sabuni ya nani?"

Mchi wa mama ulisimama hewani. Mwizi alinitazama, mdomo wazi, mwanya wote nje. Kisha aliruka, mwanamke mnene vile, akapiga kelele, akatupa mizizi, akakimbia. Alikimbia mpaka nyumbani kwetu, sisi nyuma yake, na alipotoka alikuwa ameshika lile kopo la poda. Mama alikuwa amelificha chini ya nguo zake, lakini ni nani awezaye kumficha kitu mwizi wa namna ile? Alilifungua kwa meno. Akanimwagia lote. Kichwani, usoni, kifuani, ndani ya masikio.

Watu wa safu nzima walitoka. Waliniona mweupe kama siku ya redio, wakaulizana, kwa maana majina yalikuwa yamesomwa siku nyingi. Yule msichana wa nyumba ya tatu alikuja mbio.

"Alishapita?" aliuliza.

"Alishapita," akajibu mwizi.

"Mutihani gani?"

"Alinitukana."

Wachache walielewa. Waliotoka mbali hawakuelewa, lakini walipiga makofi vilevile, kwa kuwa poda ni poda. Mama alikuwa akilia na kucheka na kuimba kwa pamoja, na alikuwa akiimba vibaya. Baba alitokea na baiskeli yake akitoka zamu, akasimama mbele yangu, akamtazama mama, na mama akamwambia kwa neno moja au mawili. Baba alipitisha kiganja chake kwenye shavu langu, akajipaka ile poda usoni mwake mwenyewe, juu ya masizi ya furu, na akasukuma baiskeli polepole katikati ya safu ili watu wote wamwone. Mtu mmoja alimwita baba wa fulani. Aliitika kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa kambi.

Mvua ilikuja siku chache baadaye. Mnungwe alidai ni tusi langu lililoileta, nami nilimjibu, na tangu hapo sikukosa jibu tena.

Diploma sikuipata kamwe, na ninalisema bila kuinamisha uso. Nilipika munkoyo wangu mwenyewe, baadaye karibu na mtaa wa Bel-Air, na watu walivuka mitaa kuja kuunywa. Nilizaa, nikalea. Wasichana waliowahi kuketi kwenye benchi langu la wateja wakisema hawafai kitu ni wengi, na kila mmoja nimemuuliza wazi kama nilivyoulizwa, kisha nikaenda naye kwa mama yake, kisha kwa muuguzi. Wazo lile limewahi kunipitia tena mara chache, katika miaka migumu. Lilinikuta najua kumwita mtu.

Mwizi alikufa mzee, ameshiba maisha. Kazi ikawa yetu. Nilifika kwenye kilio na watu wangu wa Udongo tukachimba. Nikavaa gauni lake nje ndani, nikajaza nguo kifuani, nikapita katikati ya wafiwa nikifunua sufuria moja moja na kunusa, nikawaambia mboga za Mvua ni maji matupu. Walicheka mpaka wakaanguka. Nilikuwa na mengi ya kuigiza, maana alikuwa amefanya mengi ya kuchekesha, nami nilikuwa nimeishi kuyaona.

Kisha nikafungua sanduku lake bila kuuliza. Chini kabisa nilikuta kile kitenge cha buluu chenye ndege weupe, maana baadaye, nilipokuwa nimepona na kupigana naye kama inavyopasa, alifanikiwa kukiiba. Nikajifunga kiunoni, nikatoka nacho mpaka kaburini, na mbele ya watu wote nikamwita mwizi.

Nimekivaa leo.